Eda Niliyoikataa

Jumamosi, 6 Oktoba 2012

Injini imegoma tena. Kaka Kassimu ameivuta kamba mpaka jasho likamtoka, na baridi hii. Tumezunguka visiwa kumi na kimoja vya Georgian Bay, hapa Kanada, na boti hii hii ya mume wangu. Polisi waliikuta inaelea peke yake, mshipi wake wa kuvulia umo ndani, Salimu hayumo. Wiki ya tatu sasa. Wao wameshaacha kutafuta. Mimi sijaacha.

Mama mkwe kapiga simu kutoka Dixon, mtaani kwetu. Nirudi Toronto nikakae eda, watu wanasema. Waseme. Eda hukaa mjane. Mimi nani kaniambia ni mjane?

Jumatatu, 8 Oktoba

Mvua. Mabata bukini mamia kwa mamia wanakwenda kusini, makelele tupu. Fisi maji watatu wanacheza karibu na boti, hawana habari. Nimewachukia.

Mchana nikaona tai wanazunguka juu ya kisiwa. Nikamwambia Kassimu ageuze boti. Kassimu kanikataza kushuka, kaenda mwenyewe. Kumbe mzoga wa kulungu. Nikasema alhamdulillahi. Halafu nikajiuliza, nashukuru nini?

Mama mkwe tena. "Mwanamke gani wewe, mume kafa uko majini unatembea?" Nimemkatia simu. Sijawahi kumkatia simu maishani mwangu.

Jumanne, 9 Oktoba

Hakuna kitu. Vidole vimekufa ganzi. Kassimu lazima awe kiwandani Alhamisi.

Jumatano, 10 Oktoba

Niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi, ukungu. Kichwa cheusi majini, kati ya visiwa viwili, kinaogelea. Nikasimama, boti nusura ipinduke. Nikapiga ukelele, "Baba Zuhura! Baba Zuhura!" Kikageuka kunitazama.

Dubu.

Akaogelea zake hadi ufukoni, akajikung'uta, akaingia msituni. Mimi bado nimesimama, mkono juu.

Mtu haogelei wiki tatu. Nilijua tangu siku ya kwanza, sikutaka tu. Nimelia mpaka nikatapika. Kassimu akazima injini, akaniacha. Baadaye akasema, "Twende nyumbani, dada." Sikubisha.

Ijumaa, 12 Oktoba

Dixon. Nimeoga. Nimevua bangili, nimevaa nyeupe, nimekaa kwenye godoro sebuleni. Binti yangu Zuhura yuko shule.

Mama mkwe amekuja kabla ya adhuhuri. Nilidhani ataridhika, si ndiye aliyenipigia kelele kila siku? Alisimama mlangoni na koti lake, hakuingia. Akanitazama juu mpaka chini, ile nguo nyeupe.

"Umerudi," akasema. Sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake. "Sasa nani anamtafuta mwanangu?"

Nikasogea kidogo kwenye godoro. Akaja akakaa.