Mzee Aliyelisikia Tumbo Langu

Mwenzangu uko wapi? Nimejifungia chooni kazini, sijui nicheke au nilie.

Si unajua wifi yangu kaniapisha wiki hii nisile kitu kilichopikwa? Leo mchana nimekula kabichi mbichi, karoti, tango na mapera matatu. Tumbo limejaa gesi, sketi haifungi.

Sasa kaletwa mzee kupimwa masikio. Bintiye anasema baba hasikii kabisa, akiombwa afungue geti hata hageuki. Nikamwambia binti asubiri nje, nikamvisha mzee vidude vya masikioni, nikakaa nyuma yake. Nikamwambia kwa ishara: ukisikia mlio wowote, nyoosha mkono.

Mashine sijaiwasha. SIJAIWASHA!

Tumbo likanguruma. Mzee akanyoosha mkono.

Nikajikaza. Likalia tena, refu, kama mlango wenye kutu. Mkono juu.

Nikainama kuwasha swichi, ndipo kishuzi kikanitoka. Chembamba, hata mimi mwenyewe sikukisikia vizuri. Mzee kanyoosha mikono YOTE MIWILI.

Nikasema, "Mzee, kumbe unasikia!"

Akageuka, akaninong'oneza: "Mwanangu, pale nyumbani wananituma kutwa nzima. Wewe andika sisikii, na mimi hapa sijasikia kitu."

Ningefanyaje? Nimeandika. Masikio yote mawili, hasikii!

Bintiye kaingia kuchukua cheti, tumbo likanguruma chumba kizima. Binti wa watu karuka, anaangalia dari.

Mzee katulia tuli. Hakunyoosha hata kidole.