Pazia la Dirisha Langu

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Deira tu wazima. Mjomba wako bado anakoroma kushinda kiyoyozi. Umeniuliza kama ukubali kusafiri Ulaya na matajiri wako, ukawalelee mtoto.

Ujanani nilisafiri hivyo na madam niliyemlelea mtoto. Gari lilifuata mto bondeni, miti inakaribia kupukutika, majani mekundu kama makaa. Madam akaniambia, "Funga pazia, mtoto amelala." Dirisha lake yeye lilikuwa wazi. Hasira ile haijaniisha. Eti macho ya mtumishi yamesafiri kufanya kazi tu, hayana haki ya kuona!

Nikalifunga, kisha nikalifungua tena. "Mtoto amelala, madam. Mimi niko macho."

Alinuna mpaka hotelini. Mimi nililitazama bonde lote.

Nenda, mwanangu. Mtoto wao mlaze vizuri, na pazia uliache wazi.

Bibi yako