Kiti cha Ngozi Nilichokilegeza

Kibanda cha Viatu,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji naye, mgongo umempa nafuu? Na wanao, natumaini hawajaanza kumsahau shangazi yao. Sisi huku tu wazima. Baba anakula vizuri, anatusema wote kama kawaida yake, na kazi ya viatu inasukuma siku.

Nimepata ujumbe wako wa kunisifu kwa kumlainishia Baba kile kiti cha baiskeli ulichomtumia. Niliusoma nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kaka, sifa hizo si zangu. Kiti nimekiharibu, na wewe nilikudanganya niliposema kiko safi.

Ulieleza vizuri tu: Baba akikalie hivyo hivyo kikavu, safari fupi fupi, mpaka ngozi imzoee mwenyewe, mafuta apake kidogo, tena juu peke yake, mvua ikinyesha akifunike. Alipokikalia siku ya kwanza alirudi anatembea kama aliyechapwa viboko. Nikacheka, nikamwambia, "Baba, niachie mimi. Ngozi ndiyo inayonilisha." Si unajua, nikianza kujiona fundi hakuna wa kunishika.

Nikakifanyia kile ninachofanyia buti gumu. Nikakilowesha mafuta juu na chini, nikakianika juani, nikakikanda mpaka kikalainika kama ulimi wa kiatu. Baba alifurahi huyo! Na mimi kwa mbwembwe zangu nikamgawia muuza mkate kile kiti cha zamani cha plastiki.

Nilichosahau ni kwamba kiatu kina mguu ndani. Kiti kile hakina kitu chini, ni ngozi yenyewe imewambwa kati ya chuma cha mbele na cha nyuma. Hazikupita siku nyingi ikabonyea katikati. Nikakaza ile skrubu ya mbele inayovuta ngozi, nikakaza tena, pembeni kukachanua kama masikio na katikati kukabaki shimo. Ukikalia, unakalia chuma.

Kila asubuhi Baba aliniaga kwamba anakwenda kwa Shangazi, dada yake, kule ng'ambo ya bonde. Unalijua goti lake: akitembea linavimba, akiwa kwenye baiskeli halimsumbui. Alipita mbele ya kibanda amekaa wima, anapiga kengele, nami nikajipa moyo kwamba kiti kimekaa sawa.

Jumatano nilipeleka viatu vya mwalimu, nikapita njia ile ile. Kuvuka kona tu, nikamkuta Baba anasukuma baiskeli, anachechemea, goti limejaa. Kumbe alikuwa anapanda kwa ajili ya kupita mbele ya macho yangu! Aliponiona akaona haya, kama vile mwenye kosa ni yeye. Akasema, "Nimeshuka kujinyoosha kidogo tu, Gundi." Mzee wa watu. Nilishindwa hata kumpokea baiskeli, nikabaki nimesimama na viatu vya watu mkononi, nalia.

Nimekwenda kwa muuza mkate kuomba kile cha plastiki. Alicheka mpaka akajishika mbavu, lakini alikitoa. Nimekifunga mwenyewe, na sasa Baba anafika kwa Shangazi, ingawa goti bado halijapungua vizuri. Cha ngozi amekataa nikitupe. Amekiweka chini ya kitanda chake.

Nisamehe, Kaka. Sina la kujitetea, ni kiburi tu na uvivu wa kusubiri. Ukijaliwa kupata kingine, mpelekee yeye mkononi mwake, na mimi uniandikie kwa ukali nisikiguse.

Msalimie sana Shemeji, na wanao uwapakate kwa niaba yangu, hata yule mkubwa anayejifanya mtu mzima. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Baba yuko hapa mlangoni, anajua nakuandikia. Ameniagiza nikuambie kwamba kiti kimemfaa sana, na kwamba dada yako amekilainisha vizuri.

Mdogo wako akupendaye, uso chini,

Gundi