Sala ya ndani ya IRM

Goma, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara ya Ndosho ni tope jeusi, na motari mmoja, dereva wa pikipiki, amenirushia tope mpaka gotini. Wala sijakasirika. Leo hakuna wa kunikasirisha!

Tumeshinda.

Kazi yangu ni kupiga picha za IRM, ile mashine inayoona ndani ya kichwa bila kupasua. Mama Vumilia, mkulima wa Masisi, aliletwa kwetu macho yakififia. Docta mpasuaji alisema waziwazi: bila picha safi, hafungui kichwa cha mutu. Na picha ilikataa kuwa safi, maana Mama hawezi kulala kimya ndani ya lile bomba. Anasali. Midomo inasali, kidevu kinasali, na kwenye picha kila kitu kinatoka na vivuli vyake. Nilimbembeleza weee.

"Mutoto wangu, nikinyamaza humu nitakufa na woga," alinijibu.

Tulikuwa na programu ya kompyuta ya kuondoa vivuli vya mgonjwa anayetikisika. Ikashindwa. Ilifundishwa kwa picha za watu wa mbali, wanaokohoa na kujikuna. Kusali haikukujua.

Basi tukaifundisha. Tuliingia mashineni sisi wafanyakazi, kwa zamu: kwanza kimya, kisha tukisali kwa sauti, ili ilinganishe picha mbili za kichwa kimoja na kujua sala imeongeza nini. Wenzangu walinicheka, eti nasali kama mbuzi anayetafuna. Wacheke tu.

Picha ya Mama ikatoka safi, na uvimbe mdogo nyuma ya macho.

Hapo nikaogopa. Je, kama programu imeubuni yenyewe? Tukampiga picha nyingine, fupi sana, alipotulia kuvuta pumzi. Ilikuwa hafifu, lakini uvimbe ulionekana mahali palepale. Docta akakubali.

Wiki jana Mama alipasuliwa. Uvimbe ulikuwa pale! Na leo nimeingia wodini, Mama akanitazama chini mpaka juu: "Mutoto wangu, suruali yako ni matope tupu!" Ameyaona. Nilitaka kucheza.

Nikamweleza jinsi tulivyoifundisha mashine. Akanishika mkono.

"Kumbe mulikuwa munaniombea mule ndani?"

Kusema kweli, mimi niliingia kutikisa kidevu tu. Lakini mule, kwenye makelele yale, jina lililonijia mdomoni lilikuwa lake.

"Ndiyo, Mama," nimemjibu.