Kitone Cheupe Kando ya Jicho

Jumatatu, 4 Machi
Ni kansa. Imeota kwenye vijumba vya hewa kando ya pua ya mwanangu, kushoto. Na mimi miezi saba namfukiza mvuke — mafua tu hayo, acha kudeka! Damu zikamtoka puani, nikamwambia ainue kichwa.
Mjukuu, mwalimu wangu wa kuandika, ananikumbatia. Eti bibi usilie, utalilowesha daftari. Shetani mdogo huyu. Nimecheka huku nalia.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari wa picha katuonyesha picha ya kichwa, sitiskani. Mifupa anaiona vizuri. Lakini kivuli chenyewe — kipi uvimbe, kipi kamasi zilizokwama? Picha haisemi. Umeshaingia kwenye jicho? Haisemi. Inatakiwa mashine ya kupiga picha kwa sumaku. Ikionyesha jicho ni salama, wanakata uvimbe, jicho linabaki.
Kisha akagusa kitone cheupe kando ya jicho hilohilo. Hiki nini? Kama ni chuma, sumaku itakivuta, jicho liharibike.
Mwanangu akasema aah, mwiba ulimchoma utotoni. Si ndivyo, mama?
Nikasema ndivyo.
Daktari kanikazia macho. Una uhakika, bibi? Nikaitikia kwa kichwa. Akasema basi labda ni kovu lililokuja kuwa gumu. Katuandikia sumaku Jumanne.

Ijumaa, 8 Machi
Mwongo mkubwa mimi!
Alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nakata bati kwa nyundo na patasi, natengeneza majiko ya kuuza. Nikamwita kwa mdomo wangu — njoo baba uone cheche! Chembe ya chuma ikaruka, ikamwingia kando ya jicho. Baba yake aliporudi nikasema mwiba. Angenifukuza. Jicho likapona, na uongo nao ukazoeleka, hata mimi nikauzoea.
Sasa nikisema, picha ya sumaku hapati. Watakata kwa kubahatisha. Nisiposema, naliumiza jicho lilelile mara ya pili. Uzee gani huu!

Jumanne, 12 Machi
Benchi, nje ya chumba cha sumaku. Walishamvua mkanda na pete, wakamvisha gauni la mgongo wazi. Mlango unafungwa. Nikapiga kelele — ni chuma! Chuma, na aliyekitia ni mimi!
Wamemtoa. Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Kasema sumaku basi tena. Watapasua kwa picha ile ya kwanza, na wakikuta uvimbe umeingia kwenye jicho, wanalitoa hapohapo. Mgonjwa aridhie kwenye karatasi, na ndugu aweke jina.
Mwanangu kasaini bila kunitazama. Mgongo wake unatetemeka kwa baridi. Nimemfunika mtandio wangu, hakuutupa.
Halafu akaweka ile karatasi magotini pangu.
Andika, mama. Si mjukuu wako kakufundisha?
Kanifundisha. Jina langu ni herufi sita tu. Badala yake naandika haya daftarini, na yeye ameshika kona ya karatasi isianguke, anasubiri —