Mnyama Mwenye Mkia wa Ndege

Mjukuu wangu, mke mwenzangu mtoro,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata. Miezi minane hujakanyaga kizingiti changu! Umetutupa jongoo na mti wake, na ukipiga simu ni kusema una haraka, utapiga tena. Haraka ya nini, nawe unafanya kazi na vitu vilivyokaa kimya miaka elfu tatu? Vingeshindwa kukungoja wiki moja?

Haya, nimemaliza. Hujambo? Unalala? Unakula, au bado unakunywa chai juu ya chai na kuiita chakula? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua, nalo tangu ujana wangu halijawahi kunipenda. Mama yako anarudi kutoka kazini kila siku akilalamika, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Usishtuke kuona mwandiko kama kuku kachakura. Barua zangu huandikiwa na jirani yetu fundi cherehani, naye huzipamba kwa maneno laini nisiyoyasema, hata unadhani una bibi mpole. Hii nimeiandika kwa mkono wangu. Ndiyo, mimi. Mnajua wote kwamba sikuvuka mlango wa shule. Lakini nimefuta vumbi makumbusho miaka thelathini na mmoja, na kila kabati la kioo lina kibandiko. Nafuta simba, nasoma simba. Nafuta nyoka mwenye pembe, nasoma nyoka mwenye pembe. Neno la kwanza kulijua lilikuwa "simba", la pili "usiguse". Nyumbani nikawa nayanakili nyuma ya kalenda. Sikumwambia mtu, maana wakijua unasoma wanakuongezea na kazi ya kusoma. Leo nimelazimika. Jambo hili halifai kupita kwa fundi. Yule hata akishona siri huacha uzi nje.

Bahasha yako ilifika, pamoja na picha ya mnyama wetu wa udongo wa kule makumbusho. Nilimtambua kabla sijavaa miwani. Mwili wa simba, mbawa za tai, na kule mwisho wa mkia kichwa kidogo cha ndege. Fundi alinisomea kwa sauti. Unasema kazi yako ya miaka minne imekwisha, na mwezi ujao utaitetea mbele ya wataalamu, na wakiikubali utapewa ile kazi uliyoililia ya kutunza vitu vya kale. Unasema watu wengi wa zamani walimchonga simba mwenye mbawa, na wengine wakampa mkia wa nyoka, ila huyu peke yake duniani ana mkia wa ndege. Eti wazee wale waliamini kwamba kinachoua kwa mbele huimba kwa nyuma. Fundi alifuta machozi. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Sasa nawe kaa, kama umesimama.

Ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa na zamu ya Jumamosi kiwandani, nikakubeba hadi kazini, jambo lililokatazwa. Siku moja kabla yalikuwa yameletwa masanduku ya mbao, vitu vimelazwa ndani ya nyasi kavu. Wapagazi walikuwa wamefungua vifuniko tu. Mkubwa wetu, yule tuliyemwita Mzee Miwani, alikuwa safarini. Angevitazama na kuvipiga picha Jumatatu. Nilikuketisha kwenye kiti nikakuambia usiguse. Nikageuka kukamua tambara. Kurudi, nakuta umemkumbatia mnyama wa udongo humo humo sandukuni, shavu lako juu ya bawa lake, unamwambia asiogope, bibi anakuja. Mkia ulikuwa umegonga ukingo wa sanduku. Ncha hakuna.

Ole wangu, mtoto wa watu! Kazi ile ndiyo iliyokuwa sufuria yetu. Nilipiga magoti nikakung'uta nyasi zote, na humo nikaokota kichwa kidogo cha udongo, ukubwa wa ncha ya kidole, kimekatikia shingoni. Sikutazama mara mbili ni kichwa cha nani. Mkobani nilikuwa na gundi ya viatu, kwa kuwa kiatu changu kilikuwa kimeachia soli. Nikapaka, nikashikilia nikihesabu hadi mia, nikafuta. Jumatatu Mzee Miwani alimwona mnyama akaruka kama aliyechomwa sindano. Akawaita wenzake wote, akaapa kwamba hajaona mkia wa ndege tangu azaliwe. Mimi na tambara langu nikatabasamu. Nilijua nimekirudisha kile kile kilichovunjika.

Jumatano nikafua. Katika mfuko wa gauni lako la bluu nikatoa vifungo viwili, ganda la karanga, na kichwa cha nyoka. Mdomo wazi, jino moja, na jichoni bado kuna wekundu kidogo uliopakwa na hao watu wa kale.

Lakini picha ilikuwa imekwisha kutoka gazetini. Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa wewe kuitwa mtoto wa kuvunja. Nikakitia kwenye kopo la vifungo nikajiambia, kesho. Kesho ikawa miaka ishirini na mitatu.

Na yule ndege wa kabati la pili, asiye na kichwa? Kibandiko chake kinasema watu wa kale walimkata makusudi asije akaruka na roho ya marehemu. Nani alimkata? Alivunjika njiani, akaletwa katika sanduku lile lile, na kichwa chake ndicho kilicho kwenye mkia wa simba wako. Nimewafuta vumbi wote wawili kila asubuhi nikiwaomba radhi. Na ule mstari wa kahawia pale mkiani ambao hawakukuruhusu kuukwangua, ukauandikia kurasa tisa kwamba ni utomvu wa mti uliokwisha duniani, mjukuu wangu, ni gundi ya kiatu changu.

Lia kwanza. Umemaliza? Nisikilize.

Ningeweza kunyamaza. Ungepigiwa makofi, ungepata kazi, nami ningezikwa na kopo langu. Lakini siku moja angekuja mtu na mashine yake, akwangue, na wewe wakati huo jina lako ndilo mkate wako. Mficha uchi hazai. Afadhali uaibike mbele yangu, maana mimi nimekuogesha. Hao wataalamu hawajakuogesha.

Mnyama wako ni wa kweli, mkia ndio wa uongo. Nenda kawaambie wewe kabla hawajakuambia wao, na siku ikisogezwa mwezi, isogezwe. Wakiuliza nani aliyeharibu, nitaje mimi. Goti likikubali nitakuja nisimame mbele yao, na lisipokubali nibebeni. Wewe hukuharibu kitu, ulikuwa unambembeleza. Kila nilipokusuka uliniuliza kwa nini simba ana ndege mkiani, nami nikakudanganya kwamba ni wa kumwondolea upweke. Ukakua na uongo huo, ukaenda kuusomea. Hilo ndilo lililonikalisha juu ya ndoo, si lile la gundi. Nisamehe, mama.

Mama yako anakusalimu, hajui lolote, akijua atapiga kelele siku tatu. Fundi anakusalimu, naye amenuna kwa kuwa barua hii hajaiandika yeye. Jisalimie na wewe, ule, ulale, usiache kunipenda.

Ni mimi bibi yako, mfuta vumbi.

Nimesahau. Jumamosi hii njoo, uwe umekasirika au hujakasirika, njoo na pamba ya kukifungia kichwa cha nyoka. Na uvae nguo yenye mfuko. Kilitoka kule mfukoni mwako, na kitarudi mfukoni mwako.