Redio ya Gari Langu Imekufa

Jumatatu, 3 Machi

Redio ya gari imekufa. Haikufa ghafla – imekuwa ikifa kidogo kidogo tangu mwaka jana, leo ndiyo nimeikatia tamaa. Asubuhi nimezungusha kitufe mpaka mwisho, nikaambulia mkoromo tu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Chiriku ameziba masikio kwa viganja viwili. Ni mjukuu wangu, jina hilo nimempa mimi kwa kuwa hafungi mdomo. Anatia chumvi, huyo. Amejifunza kwa mama yake.

Na mama yake, binti yangu, ndiye aliyenichafulia siku. Jioni anavua viatu vya kazini, unga wa kiwanda cha mikate ungali kwenye nyusi, ananiambia – ilibidi arudie – kwamba anafikiria kumwandikisha Chiriku kwenye basi la shule. Eti nipumzike. Nipumzike nini? Nimestaafu! Siku nzima ni mapumziko, isipokuwa ile safari ya asubuhi, mimi na mtoto, kutoka geti letu hadi geti la shule. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Ndiyo inayoniamsha na kuninyoa ndevu.

Basi nimekata shauri. Naweka skrini. Kubwa, ya kugusa, yenye video. Tuone kama kuna mtoto atakayeacha sinema ya babu yake akakimbilie basi la shule.

Jumanne, 4 Machi

Mtaa wa vifaa vya magari. Nimerudi kichwa kimejaa.

Skrini zimepangwa ukutani toka chini hadi juu, zote zinaonyesha samaki yuleyule mwekundu. Inchi saba, inchi tisa, inchi kumi. Yenye kitufe cha kuzungusha. Isiyo na kitufe hata kimoja. Inayopokea simu. Inayokuelekeza njia. Moja imechomoza nje ya dashibodi kama sinia lililoegeshwa ukutani, inaziba hata matundu ya hewa – na ndiyo wanayoisifia!

Muuzaji anatafuna jojo na kuongea na kifua chake. Vijana wa siku hizi hawafungui mdomo. Nikamwambia hadithi sitaki, aniwekee sauti. Akaweka. Ongeza, nikasema. Akaongeza. Ongeza! Kinyozi wa duka la pili akatoka na mashine mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wote wamenitolea macho. Muuzaji akazima.

Spika za karatasi, nikamwambia. Mimi nimeendesha gari la wagonjwa mpaka nimestaafu, king'ora juu ya utosi wangu, sauti naijua. Akasema kitu kwa jojo lake. Nikaondoka.

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena. Saba au tisa?

Alhamisi, 6 Machi

Tisa. Nimeamua.

– Hapana, kumi. Chiriku anakaa nyuma, tisa hataiona vizuri.

– Lakini kumi si inaziba matundu ya hewa?

Jana nimerudi dukani mara mbili. Muuzaji akiniona sasa anakaza uso. Amenionyesha tena zilezile, moja baada ya nyingine, na zote hazina sauti. Mtaa mzima umeletewa mzigo mbovu.

Nyumbani hali ni hiyohiyo. Leo binti yangu amekuja kusimama mbele yangu, kati ya macho yangu na runinga, mikono kiunoni. Kumbe ameniita mezani muda mrefu, chakula kimepoa. Akadai nimetia pamba masikioni kwa makusudi, kwa sababu ya lile neno la basi la shule. Nikamjibu kama anataka kuitikiwa, aite kama watu wanavyoita, si kunong'ona kama anasali. Akanitazama. Hakujibu. Au alijibu, sijui, alikuwa amegeuka kwenda jikoni.

Mke wangu, mama yake, ndiye aliyekuwa na sauti! Akiita jina langu dirishani, hata jirani anaitika.

Hawa wote wamekuwa wanong'onaji. Hata Chiriku. Zamani nilikuwa namwomba anyamaze nipate kuendesha, sasa namwomba arudie. Imenisononesha, hiyo. Nadhani amekua, ameanza kuwa na siri zake.

Ijumaa, 7 Machi

Inchi kumi. Nimeinunua kabla sijabadilisha mawazo, nikaenda nayo moja kwa moja kwa fundi.

Fundi wa redio za magari ni mtu mnene, ana karakana nyembamba, anaingia kiubavu. Alichomoa redio ya zamani. Dashibodi ikabaki na shimo, nyaya zinaning'inia. Akauliza kama waya wa breki ya mkono aukate – bila kuukata, video haichezi gari likiwa linatembea. Nikasema kata. Safari yetu yote ni ya kutembea, mtoto ataonaje?

Kisha akaweka ile redio kuukuu juu ya meza, akaiunga na betri na spika. Nikamwambia asijisumbue, hiyo ni maiti. Akawasha.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Mkoromo uleule. Nikacheka, nikamwambia, unaona? Imekufa!

Fundi hakucheka. Alinitazama kidogo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama amebeba ndoo, mabega yake yakaanza kucheza, akapita akicheza. Mtu wa karakana ya jirani akapiga kelele kwa mkono, ishara ya kushusha, shusha chini bwana! Nikaweka kiganja juu ya spika. Ilikuwa inaruka kama moyo wa kuku.

Redio ni nzima.

Fundi alishusha sauti mwenyewe. Akanisogelea, akaongea polepole, uso kwa uso, mdomo wazi kama anavyoongea mtu na mgeni wa lugha: mzee wangu, redio yako haina ugonjwa. Nilimsikia vizuri sana. Kwa nini nilimsikia yeye?

Nimejikaza. Nikamwambia, funga kubwa hata hivyo. Na kamera ya nyuma. Akasema fremu ya kushikia skrini kwenye gari langu hana, gari la zamani, itafika Jumanne. Nimerudi nyumbani na shimo.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Ngoja niandike.

Asubuhi, mimi na Chiriku, barabara kubwa, foleni inatambaa. Niko njia ya kati. Chiriku akaanza kunipigapiga begani kutoka nyuma. Nikadhani mchezo. Nikamwambia tulia, funga mkanda. Akazidi. Nikatazama kioo nimkaripie.

Taa. Kioo chote taa, nyekundu, zinazunguka. Pua ya gari la wagonjwa ilikuwa karibu kugusa buti langu.

Magari yote yalikuwa yamegawanyika pande mbili. Kushoto wamepanda ukingo, kulia wamebanana. Katikati, peke yangu, nimetulia kama bwana harusi – mimi! Lilikuwa nyuma yangu tangu lini? Tangu mzunguko wa kwanza? Tangu nyumbani? Nikakata kushoto, nikapanda ukingo, gurudumu likagonga. Gari la wagonjwa likapita. Dereva alikuwa kijana. Aligeuza kichwa akafungua mdomo, na sikuhitaji kumsikia. Nilichosema mimi miaka yote kwa watu wa namna yangu ndicho alichosema yeye. Nilikuwa nikiwaita wauaji. Nilikuwa nikirudi nyumbani sijala, namwambia mke wangu kuna watu wanaendesha kana kwamba wako peke yao duniani, wanyang'anywe magari.

Kulikuwa na mtu mle ndani amelala. Sijui kama alifika.

Tulipofika getini nikamwambia, tusimwambie mama, atapata presha bure. Akauliza: ni uongo, babu? Nikasema si uongo, ni mambo yetu wawili. Akaitikia kwa kichwa. Ni mtoto mzuri. Aliingia shule amebeba begi lake na mambo yetu wawili, nami nikabaki pale nimeshika usukani, nikijichukia.

Jumanne, 11 Machi

Imefungwa. Inang'aa. Dashibodi yangu kuukuu inaonekana kama mzee aliyevaa meno mapya.

Nilimwambia fundi ule waya wa breki ya mkono aurudishe. Hakuna video gari likitembea. Akashangaa, ndicho nilichokuwa nakitaka! Ndiyo, lakini sasa nataka kingine: kamera ya nyuma iwake muda wote, si wakati wa kurudi nyuma tu. Inawezekana? Inawezekana. Hakuuliza kwa nini. Alinipa mkono, akaushika kwa muda kidogo zaidi ya kawaida.

Kwa hiyo skrini ya inchi kumi, rangi zote za dunia, na inachoonyesha ni barabara niliyokwisha kuipita. Mchana nimemfuata Chiriku shuleni ili aione, amechukia. Sinema gani hii, babu, magari tu! Kisha akaingia kwenye utaratibu kwa akili yake mwenyewe: amesogea nyuma ya kiti changu ili mkono ufike. Pigo moja begani, honi. Mapigo mawili, king'ora. Hatukupanga. Alianza tu.

Tumefika nyumbani salama. Nilifurahi njia nzima, na nilipozima gari furaha ikanishuka. Mtoto hakuzungumza hata neno moja. Chiriku! Alikuwa kazini.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kule wanakopima masikio. Sikumwambia mtu.

Nilikaa ukumbini. Viti vya bluu, picha kubwa ya sikio ukutani limekatwa katikati kama kitunguu. Mhudumu wa mapokezi aliandika jina langu, akaniambia – nadhani – nikae, nitaitwa.

Nitaitwa! Watu wote wale hawasikii, na wanaitwa kwa majina, mlango umefunguliwa robo, muuguzi anaita na kurudi ndani. Nilikaza macho kwenye mdomo wa muuguzi. Akatoka, akaita, hakuna aliyenyanyuka. Tukatazamana, wazee kwa wazee, kila mmoja akimwachia mwenzake. Akaita tena. Huenda nilikuwa mimi. Nikacheka peke yangu, kisha nikatoka nje.

Nikipimwa wataandika. Kikiandikwa, binti yangu atasoma. Baada ya hapo ni basi la shule, na mimi na ndevu zangu.

Kesho nitarudi. Nikae karibu na mlango.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda. Nimeosha gari.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya shule.

Binti yangu leo hana zamu. Asubuhi kashuka na kanga begani, kafungua mlango wa mbele, kakaa. Eti aone hiyo skrini iliyonipeleka dukani wiki nzima. Chiriku alitaka kukaa nyuma yangu, mama yake akamwambia asogee upande wa pili, atoke juani. Nikamwona kwenye kioo anahesabu umbali kati ya mkono wake na bega langu.

Tukaondoka. Binti yangu akaitazama skrini. Kwa nini inaonyesha nyuma? Hilo nilimsikia, alikuwa amenigeukia. Nikasema ndivyo za siku hizi zilivyo. Akatazama barabara ya nyuma inavyotukimbia, muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole akagusa alama ya spika. Nikauona ule mstari wa kijani unashuka, unashuka, mpaka sifuri. Nilikuwa nimeweka muziki, kumbe. Sikuwa hata nimesikia kwamba upo.

Halafu akageuza uso dirishani.

Nikaliona taya lake linacheza. Anaongea. Anaongea na kioo cha mlango, kisogo kwangu, si kwa hasira, polepole, maneno mengi. Nilikaza masikio. Nilisikia kama maji yanayopita ndani ya ukuta. Nikatafuta uso wake kwenye kioo cha pembeni, nikapata sikio lake na hereni. Kwenye kioo cha juu nikampata Chiriku: ameinama, mkono umenyooshwa mpaka mwisho, vidole vinapapasa hewa nyuma ya kiti changu. Mkanda unamvuta. Mkono haufiki.

Taya likasimama. Binti yangu hakugeuka. Alikuwa anangoja.

Nikasema: sawa, mwanangu.

Kwenye kioo Chiriku akatikisa kichwa. Hapana, babu. Hapana. Machozi yamemjaa.

Tumefika, binti yangu amefungua mlango. Ameshuka na mtoto, sasa wamesimama getini. Anachuchumaa mbele yake, anauliza. Chiriku anatazama viatu vyake. Anauliza tena. Chiriku anatazama gari. Sema, mwanangu. Sema tu, usinibebee. Natamani afungue mdomo, na papo hapo namwomba asifungue.

Amesema. Nimeuona mdomo wake, ni maneno machache.

Mama yake amemkumbatia, amemwachia aingie ndani. Anarudi. Hajauendea mlango aliotokea. Amepita mbele ya gari, ameshika boneti kidogo kama anayejizuia, anakuja upande huu, wa usukani. Amejifuta macho kwa ncha ya kanga. Mkono mmoja ameukunjua, kiganja juu, kama anayeomba ufunguo.

Anagonga kioo. Naona kidole kinavyogonga.